Nani Alikosa?
Somo la kujadiliana kikundini



Somo la safari hii linahusu swali ambalo kila mmoja wetu ameshaliuliza, hata kama hakulisema kwa sauti: mtu akipatwa na taabu juu ya taabu, ni kwa nini? Je, Mungu anamwadhibu? Ni laana ya ukoo? Ni jicho la jirani? Ama ni mambo ya dunia tu?

Tumelichagua kwa sababu swali hili halikai kanisani peke yake. Linatoka huko Jumapili, linatufuata mpaka kwenye mkutano wa Jumatano, linaingia ndani ya kitabu cha mweka hazina. Jinsi kikundi kinavyolijibu ndivyo kitakavyomtendea mwanachama siku atakapoanguka. Na kuanguka, ndugu zangu, hakuna aliye na likizo yake.

Somo hili lafaa mikutano miwili. Mkutano wa kwanza fanyeni igizo na sehemu ya Biblia. Mkutano wa pili zungumzeni juu ya mambo ya kwetu na mipango ya kikundi. Anayejua kusoma asome polepole, kwa sauti, ili wasiosoma wasiachwe nyuma. Na mwenyekiti asihubiri. Kazi yake ni kuuliza na kusikiliza.

1. IGIZO FUPI

(Wahusika: Mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo, Mweka hazina, Mzee, Mama jirani, Kijana, na Mjane. Wameketi chini ya mti.)

MWEKA HAZINA: Mama Mwenyekiti, kitabu kinasema hivi. Huyu mama alichukua mkopo wa shilingi 8,000 kununua mbuzi wawili. Amelipa 3,000. Zimebaki 5,000, mbali na riba. Miezi mitatu sasa hajaleta hata ndururu.

MZEE: Na mbuzi wako wapi?

MWEKA HAZINA: Walikufa, mzee. Wote wawili, wiki moja.

MAMA JIRANI: Na mtoto wake akalazwa. Na mumewe alituacha mwaka juzi. Jameni, hamwoni? Nyumba moja, mambo matatu. Hapo kuna kitu.

MZEE: Lile boma lina maneno ya zamani. Babu yao aliapa uongo juu ya mpaka wa shamba. Mambo kama hayo hayaozi.

KIJANA: Samahani, hata kwetu kuna mbuzi mmoja anakohoa sana...

MZEE: Kijana, ngoja kwanza wazee wamalize.

MAMA JIRANI: Kuna mhubiri alimwambia alete sadaka ya kufungua boma, shilingi 2,000. Akakataa. Sasa ameona.

MWEKA HAZINA: Mimi ya laana siyajui. Mimi najua kanuni. Twende tuchukue kiti chake, sufuria na kuku. Wengine wetu tulilipa hata wakati wa shida.

MWENYEKITI: Mama, wewe mwenyewe wasemaje?

MJANE: Deni ninalo. Sijakataa. Lakini nisaidieni jambo moja. Kila usiku namwuliza Mungu, nilikosa wapi? Kama kuna mtu hapa anajua, aniambie, nitubu, tuendelee.

(Wote wananyamaza. Igizo linaishia hapo.)

Maswali ya haraka kabla hamjaendelea:
- Mmeona nini katika igizo hili?
- Mambo kama haya hutokea kwetu? Yalitokea kwa nani? (Msitaje majina.)
- Ni swali gani la maana ambalo hakuna mtu aliyeliuliza?

2. TUFUNGUE BIBLIA

Wanafunzi na kipofu (Yohana 9)

Yesu anapita njiani na wanafunzi wake, wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza lile lile la wazee wetu: nani alikosa, huyu ama wazazi wake? Angalieni vizuri. Mtu yupo pale, ana masikio, anasikia. Nao wanamzungumzia kama vile ni jiwe la njiani.

Yesu anakataa majibu yote mawili. Si yeye, si wazazi wake. Halafu haongezi hotuba ndefu. Anasema kuna kazi ya kufanywa maadamu ni mchana, anainama chini, anachanganya udongo, anampaka macho, anamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Wao walitafuta mkosaji wa jana. Yeye alitafuta kazi ya leo.

Someni mpaka mwisho wa sura. Baada ya yule mtu kuona, wakubwa wa dini walimwambia kwamba alizaliwa katika dhambi tupu, wakamfukuza. Yesu aliposikia amefukuzwa, alimtafuta mpaka akampata. Basi kila kikundi cha Kikristo kijiulize: sisi tuko upande gani, wa wanaofukuza ama wa yule anayetafuta?

Mnara wa Siloamu (Luka 13)

Siku nyingine watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa wanatoa dhabihu. Yeye mwenyewe akataja habari nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Akauliza: mnadhani hao walikuwa wabaya kushinda wenzao wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: la. Na hapo hapo akawaambia wote watubu.

Hapa tuwe waangalifu. Yesu hakusema dhambi si kitu. Alisema dhambi haipimwi kwa kuangalia mnara umemwangukia nani. Ukimwona jirani yako chini ya matofali, usiseme "ametubishwa". Mwondolee matofali, kisha wewe mwenyewe utubu.

Baadaye kidogo katika sura hiyo kuna mfano wa mtini usiozaa, nao tutaurudia.

Marafiki wa Ayubu

Ayubu alipopoteza mali, watoto na afya, marafiki watatu walikuja kumwona. Mwanzo walifanya vizuri sana. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa maana waliona uchungu wake ni mkubwa (Ayubu 2). Walipoanza kuongea ndipo waliharibu. Kila mmoja alikuja na sababu yake: lazima ulikosa mahali. Mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia hao waliomtetea kwa maneno, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (Ayubu 42). Na Ayubu ndiye aliyelia na kuuliza maswali magumu! Kumbe Mungu haogopi maswali ya mtu aliyeumia. Anachokichukia ni majibu rahisi ya mtu aliyeshiba.

3. LAWAMA HUFUNGA MACHO

Turudi kwenye igizo. Lile swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: mbuzi walikufa na nini?

Kijana alitaka kusema. Mbuzi wa kwao anakohoa. Akanyamazishwa, kwa sababu wazee walikuwa wanashughulika na kiapo cha babu. Sasa sikilizeni. Mbuzi akikohoa, akipumua kwa shida, akitokwa na kamasi na joto kupanda, huenda ni homa ya mapafu ya mbuzi. Ni ugonjwa wa kuambukiza, unatoka kwa mbuzi mmoja kwenda kwa mwingine kwa pumzi, na unaweza kumaliza zizi zima kwa siku chache. Hauangalii kama mwenye mbuzi anasali ama hasali. Chanjo yake iko hapa nchini, na mbuzi akipata dawa mapema kutoka kwa daktari wa mifugo anaweza kupona.

Kwa hiyo mkutano ule ulipoteza vitu viwili. Ulimuumiza mjane, na ukaacha mbuzi wa kijiji kizima wakiwa hatarini. Mtu anayeuliza "nani alikosa?" akishapata jina anaona kazi imekwisha. Anayeuliza "nini kimetokea, na tufanye nini?" ndio kwanza anaanza kazi.

Tuangalie na mambo makubwa zaidi ya nchi yetu.

Ukame. Kuanzia mvua za vuli za 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kulikuwa na watu waliosema Mungu ameipa kisogo nchi. Lakini tujiulize, wafugaji wa Turkana na Marsabit ni wenye dhambi kushinda wenye magari ya fahari mjini? Sababu zinazojulikana ni hizi. Sehemu fulani ya Bahari ya Pasifiki ikipoa kuliko kawaida, pepo hubadilika na mvua zetu za vuli hupungua, na jambo hilo lilirudi miaka mitatu mfululizo. Tena dunia nzima imepata joto zaidi kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na mitambo, mwingi wake ukitoka nchi tajiri, na joto hilo hukausha udongo haraka. Ikiwa hapo kuna kosa la mwanadamu, si la yule mama aliyepoteza ng'ombe.

Mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliteremka kwa nguvu Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wakiwa usingizini. Maelezo ya serikali yalisema maji yalikuwa yamezuiliwa chini ya tuta la reli na udongo na takataka, mpaka yakapasua. Huo ndio mnara wetu wa Siloamu. Waliokufa hawakuwa wabaya kushinda wa kijiji cha pili. Walikuwa kwenye njia ya maji.

Ukimwi. Hapa kanisa lazima liseme ukweli juu ya kanisa lenyewe. Miaka ya 1990 tulizika wengi kwa minong'ono. Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, lakini kabla na baada ya hapo, mahubiri mengi ya mazishi yalikuwa ni ya kumnyoshea kidole aliye ndani ya sanduku. Matunda yake yalikuwa nini? Watu walificha ugonjwa, hawakupima, wakaambukiza wenzao bila kujua. Yatima wakabaguliwa. Leo dawa zinatolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na mtu anayezimeza sawasawa mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Lakini hata leo kuna wanaoogopa kuchukua dawa karibu na nyumbani kwa sababu ya midomo yetu. Na kuna wanaoambiwa waache dawa kama ishara ya imani. Ndugu, imani haina ugomvi na dawa. Yesu mwenyewe alitumia udongo.

4. SASA, JE, DHAMBI HAIPO?

Mtu atauliza: mnataka kusema hakuna matokeo ya dhambi? La. Yapo, na tunayaona kila siku. Mlevi akiuza gunia la mahindi, watoto hulala njaa. Pesa za basari zikiliwa, mtoto wa maskini hurudi nyumbani. Mchanga wa mto ukizolewa usiku kwa malori, visima vya mtoni hukauka, na akina mama huenda mbali zaidi na mitungi. Kilima kikichomwa makaa mpaka kikabaki kipara, mvua ya kwanza huja na udongo wote.

Lakini angalieni nani anaumia. Mara nyingi anayekosa ni mmoja na anayelia ni mwingine. Mwenye lori analala vizuri. Kwa hiyo swali la dhambi lina mahali pake, ila tumelizoea kuliuliza upande wa makosa. Tunamwuliza aliyeanguka, "Ulifanya nini?" Tungejiuliza wenyewe, "Tunafanya nini kinachoangusha wengine?" Toba ya namna hiyo inaweza kurudisha maji mtoni.

Na wale wanaouza ufunguzi wa laana? Kumbukeni Elisha na Naamani (2 Wafalme 5). Naamani alipopona ukoma alileta zawadi nyingi, nabii akakataa kabisa. Aliyekimbia nyuma ya gari kuomba fedha na nguo ni Gehazi, mtumishi wake, na alirudi na ukoma. Mtu anayemtoza mjane shilingi 2,000 ili Mungu amwonee huruma, muangalieni anafanana na yupi kati ya hao wawili.

5. MTUNZA SHAMBA NA SAMADI

Turudi Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini wake, hakuna. Anasema ukatwe, unaharibu ardhi bure. Ni maneno ya haki. Ni maneno ya mweka hazina wetu. Lakini mtunza shamba anaomba: uache mwaka huu mmoja zaidi, niupalilie na niutie samadi. Ukizaa, vema. Usipozaa, basi ukatwe.

Kila mkulima anaelewa mfano huu. Huyu mtunza shamba hakukaa chini kuuliza mti ulilaaniwa na nani. Wala hakusema tuuache hivyo hivyo, Mungu atajua. Aliomba muda, na ndani ya muda huo akatia jembe na samadi. Hiyo ni huruma yenye kazi. Na ina mwisho pia, haichezewi.

Nchi yetu imewahi kuliona jambo hili. Miaka ya 1930, maofisa wa serikali ya kikoloni waliitazama Machakos, vilima vyekundu vilivyochimbwa na maji, wakasema ardhi hii inakwisha. Lawama walizipeleka kwa wenyeji: wana ng'ombe wengi mno, hawajui kulima. Mwaka wa 1938 serikali ilipotwaa ng'ombe kwa nguvu, Wakamba waliandamana mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta, nayo watu wakaichukia.

Lakini baada ya uhuru watu wale wale walichimba kwa hiari yao. Walikusanyika kwa vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi kuushika. Mwaka baada ya mwaka shamba linajilaza lenyewe kama ngazi, na maji yanazama badala ya kukimbia. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hiyo. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka.

Ardhi iliyohukumiwa kukatwa ilipewa muda, jembe na samadi. Ikazaa. Ukame haujaisha huko mpaka leo, lakini tone linaloanguka lina mahali pa kukaa.

6. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Paulo katika Wagalatia 6 anasema tubebeane mizigo. Mistari michache mbele anasema kila mtu ataubeba mzigo wake. Wengine huona anajipinga. Lakini katika Kiyunani ametumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu, kama gunia la kilo 90. La pili ni mzigo wa kawaida wa msafiri, kama kiondo. Kiondo chako ukibebe mwenyewe. Gunia, tusaidiane. Kikundi chenye hekima kinajua kutofautisha.

Haya ni mashauri ya kufanya kazi:

(a) Nendeni mkaone kabla ya kusema. Mwanachama akikosa kulipa mara ya kwanza, watu wawili ama watatu wamtembelee nyumbani. Waketi. Wasiende na kitabu siku hiyo. Hiyo ndiyo wiki ya kwanza ya marafiki wa Ayubu, sehemu waliyofanya vizuri.

(b) Ulizeni kilichotokea. Ni ugonjwa gani? Mifugo ilikufa na nini? Mwiteni afisa wa mifugo, wa kilimo ama mhudumu wa afya wa kijiji. Huenda mkaokoa na wengine.

(c) Tenganisheni asiyeweza na asiyetaka. Asiyetaka anazo pesa lakini anajificha. Huyo kanuni zimshike, naye asilie ati anaonewa. Asiyeweza anahitaji muda na samadi. Kuwatendea sawa si haki.

(d) Pangeni deni upya kwa maandishi. Kwa mfano, zile shilingi 5,000 za mjane wetu: riba isimame, apumzike miezi mitatu, kisha alipe 500 kila mwezi kwa miezi kumi. Aweke sahihi ama kidole gumba mbele ya wote. Deni halijafutwa, heshima yake haijafutwa, na pesa za wanachama zitarudi.

(e) Anzisheni mfuko wa msaada, mbali na pesa za mikopo. Watu 20 wakitoa shilingi 20 kila wiki, hiyo ni 400 kwa wiki, na kwa mwaka wa wiki 52 ni 20,800. Kubalianeni mapema, wakati hakuna anayelia, utasaidia mambo gani na kwa kiasi gani: kulazwa hospitali, kifo, nyumba kuungua. Muandike katika katiba ya kikundi. Mkingoja mpaka msiba uje, mtasaidia marafiki na kusahau wanyonge.

(f) Msichukue vyombo vya kuishi. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni kutwaa uhai wa mtu. Nguo ya maskini irudishwe kabla jua halijatua, na nguo ya mjane isichukuliwe rehani kabisa. Jiwe la kusagia la siku hizi ni sufuria, jembe, blanketi, cherehani ya fundi. Ukimnyang'anya jembe mwenye deni, atakulipa na nini?

7. NA YALE YASIYO NA JIBU

Tusidanganyane. Kuna taabu ambazo hata ukimwita daktari, afisa na mtaalamu wa hali ya hewa, moyo bado utauliza. Mama amezika mtoto wa miaka minne. Ukimwambia ni malaria, amejua. Bado anauliza, kwa nini wangu?

Hapo sisi hatuna jibu, na mwenye kusema analo anamwongezea huyo mama jeraha. Tunachojua kama Wakristo ni kwamba Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimwuliza Mungu kwa nini. Hakuna sauti iliyomjibu saa ile. Jibu la Mungu lilikuja siku ya tatu, nalo halikuwa maelezo, lilikuwa ni uhai. Katikati ya Ijumaa na Jumapili, kazi ya wenzake ilikuwa ni kumshusha, kumfunga sanda, na kuja kaburini alfajiri na manukato. Na sisi kazi yetu ni hiyo hiyo: kuketi, kuchota maji, kupika uji, kupalilia shamba la mfiwa msimu usipite. Hatuelezi. Tuko.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Umewahi kupatwa na taabu ukasikia watu wakisema ni kosa lako? Ulijisikiaje? Ni nani aliyekuja kuketi nawe?
2. Katika kikundi chetu, ni mwanachama gani amenyamaza ama ameacha kuja tangu apate shida? Nani atamtembelea, na lini?
3. Ni ugonjwa gani wa watu, mimea ama mifugo hapa kwetu tumeuita laana bila kuuchunguza?
4. Ni jambo gani sisi wenyewe tunafanya linaloumiza jirani: mtoni, kilimani, katika mgawanyo wa pesa?
5. Kanuni zetu zinasema nini juu ya asiyeweza kulipa? Zinatofautisha na asiyetaka? Tubadilishe nini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO: Someni tena lile igizo, halafu mlimalize wenyewe. Mjane ameuliza, "Nilikosa wapi?" Kila mmoja afikiri angejibu nini akiwa pale. Mkikutana tena, igizeni mwisho wenu. Na tafadhali, safari hii mwacheni yule kijana amalize maneno yake.

SALA: Ee Mungu Baba, utusamehe tulipowahukumu walioanguka, sisi tuliosimama kwa neema tu. Tupe macho ya kuona kilichotokea, miguu ya kwenda kuona, na mikono ya kushika jembe. Kwa wale walio na maswali yasiyojibika usiku huu, uwe karibu nao, nasi tuwe karibu nao pia. Kwa jina la Yesu. Amina.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.